Ambrose Hulse na Chumvi Iliyokunywa Hewa

Ndugu wa marehemu, majirani wa Marbrook, nanyi mliokuja tu kuhakikisha kwamba safari hii Ambrose Hulse hatajibu, karibuni nyote na mkae kwa raha kadiri mabenchi haya yanavyoruhusu. Wasifu huu umeandaliwa nyumbani kwa mjane, Bibi Edith, na kwa ombi lake unasomwa na mdogo wake, Bwana Selwyn Yarwood, shemeji wa marehemu. Anayewajua Ambrose na Selwyn anajua kwamba hilo halikuwa ombi dogo. Selwyn amekubali kusoma yote kama yalivyoandikwa, hata yale yanayomgusa baba yake mzazi. Bibi Edith ameketi mstari wa mbele na nakala yake mkononi, anafuatilia.

Ambrose alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Februari 1929, hapa hapa Marbrook, katika nyumba ya pili kutoka mtoni. Alikuwa mtoto pekee wa Eli Hulse na mkewe Ada. Eli alikuwa mpika chumvi. Vijana wa leo wanaona chumvi ikitoka kwenye pakiti, basi na waambiwe: maji ya chumvi yalivutwa kutoka ardhini, yakachemshwa kwenye karai la chuma pana kama ua wa nyumba, na mpika akasimama kwenye mvuke, kifua wazi, akiikokota chumvi na kuijaza kwenye visanduku vya mbao ili igande iwe madonge. Kila Jumamosi moto ulizimwa na karai likamwagwa. Kilichomwagwa ni maji machungu, yale mabaki mazito yanayokaa chini chumvi njema ikishatoka. Mpika asipoyamwaga, yanaingia kwenye madonge. Donge la namna hiyo hukauka vizuri likakudanganya, halafu likikutana na hewa ya ukungu linaanza kutoa machozi.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba mpika chumvi alikuwa mfalme wa karai lake. Nyapara aliweza kumwambia apike kiasi gani, lakini lini kumwaga alijua mpika mwenyewe. Mpika aliyekubali kuamriwa hilo alionekana si mpika tena.

Majira ya kupukutika kwa majani mwaka 1938 kiwanda kilipata oda kubwa. Makarai yakachemka Jumamosi mpaka Jumamosi. Madonge ya Eli yakawekwa kwenye ghala la mtoni, na ufunguo akabaki nao yeye. Baridi ile ilikuwa ya mvua na ukungu tangu mwanzo hadi mwisho. Mashua ilipokuja kupakia, mwezi Machi, ghala lilifunguliwa, madonge yakakutwa yamepinda, yamekonda, mengine yameanguka, na uzito uliokuwa umeandikwa haukuwepo. Mwenye kiwanda akauliza chumvi imekwenda wapi. Nyapara, Josiah Yarwood, baba yake Edith na Selwyn, akajibu maneno manne yaliyokaa katika mji huu kuliko kengele ya kanisa: "Ufunguo anao Eli Hulse."

Eli alifukuzwa. Hakupelekwa mahakamani, na huo ukahesabiwa kuwa wema. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa nyumba ya mwizi wa chumvi. Ada akiingia dukani, muuzaji alifunika kijaluba cha chumvi kwa kiganja, na wanunuzi wakacheka pembeni. Watoto walimrushia Ambrose chumvi mgongoni njiani kwenda shule.

"Ficheni chumvi, Hulse anapita!"

"Ambrose, lamba ukuta wenu, labda babako ameficha humo!"

Alikuwa na miaka kumi, na kati ya wale watoto wapo waliokaa humu leo wakiwa na mvi. Hawatatajwa. Wanajijua.

Marehemu alisoma shule ya Marbrook, na ni huko, mwezi Novemba 1942, alikopata neno lililomshika maisha yake yote. Mwalimu Pargeter, mama mrefu mwenye mafua ya kudumu, aliweka kwenye sosa vipande vyeupe vya mfano wa chumvi, akaitegesha dirishani. Alasiri ile ile vipande vilikuwa vimelowa. Kesho yake asubuhi sosa ilikuwa na maji matupu.

"Haya," mwalimu akauliza kwa utani, "nani ameiba chumvi yangu?"

Darasa zima likageuka kumtazama Ambrose. Mwalimu hakuwa na habari. Alikuwa mgeni mjini. Vicheko vilipopanda akapiga meza kwa kifutio.

"Mnacheka nini? Hakuna aliyeiba. Imekunywa unyevu wa hewani, ikanywa, ikanywa, mpaka ikazama ndani ya kile ilichokunywa."

Akaandika ubaoni: deliquesce. Akasema wataalamu wa kemia hutumia neno hilo, na kwamba chumvi safi haifanyi hivyo sana, ila ile yenye maji machungu ndani yake hufanya. Watoto wengine waliandika wakasahau. Ambrose hakuandika. Alitoka mbio kabla ya kengele, akasahau na kofia.

Alimkuta Eli uani akipasua kuni.

"Baba! Hukuiba!"

"Najua sikuiba. Umetumwa na nani kuniambia?"

"Chumvi ilikunywa hewa. Kuna neno lake kabisa. Yalikuwa maji machungu, baba, yalibaki kwenye madonge, ndiyo maana yakayeyuka. Twende tukawaambie!"

Eli aliweka shoka chini taratibu, akampiga mwanawe kofi, la kwanza na la mwisho.

"Unajua umesema nini? Umesema babako hajui kumwaga karai. Waniite mwizi mpaka nife. Mwizi ni mtu aliyekosa mara moja. Mpika anayeuza maji machungu kwa jina la chumvi, huyo hakuwahi kuwa mpika."

"Lakini ni kweli yalibaki?"

Eli akampa mgongo. Akaokota shoka. Baba na mwana waliishi chini ya paa moja miaka mingine saba, wakiombana chai na mkate, na hilo neno halikutajwa tena mezani. Eli alifariki tarehe 2 Oktoba 1949, akiwa bado mwizi machoni pa watu. Alijichagulia mwenyewe, lakini aliyeurithi wizi huo ni mwanawe, ambaye hakuulizwa.

Jioni ya siku ile ya kofi, Ambrose alikuwa amekwenda pia kugonga mlango wa Josiah Yarwood. Alifunguliwa na msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mkate kwapani. Huyo ndiye Edith. Josiah alisikiliza akiwa amesimama, kiko mdomoni.

"Neno zuri," akasema. "Refu. Sasa lirudishe shuleni, na mlango uufunge kwa nje."

Ambrose alianza kazi Agosti 1943 katika maabara ya kiwanda cha kemikali cha mji jirani, kwanza akiosha chupa, baadaye akipima unyevu wa chumvi ya mezani, mpaka alipostaafu mwaka 1989. Walimpenda huko kwa usahihi wake na walimchoka kwa sababu hiyo hiyo. Jioni alisoma. Alijifunza Kilatini kidogo kwa ajili ya neno moja tu. Alikusanya kamusi kama wengine wanavyofuga njiwa, zikajaa ngazi, zikaingia bafuni. Ukimwuliza habari za asubuhi, alikuambia hewa ina unyevu kiasi gani, na kabla hujaondoka ulikuwa umesikia wataalamu wa kemia walilipata wapi neno lao. Watu walijifunza kuvuka barabara. Selwyn, ambaye alikuwa fundi bomba na ulimi wake hauna kifuniko, ndiye aliyempa jina la Kamusi, na jina likamganda.

Tarehe 4 Juni 1955 Ambrose Hulse alimuoa Edith Yarwood katika kanisa hili. Mji ulishangaa, na mji bado unashangaa. Edith mwenyewe aliulizwa wiki hii kwa nini alikubali, akasema, "Alikuwa mwanaume pekee Marbrook asiyesema kitu asichokihakikisha. Nilidhani ni sifa." Josiah hakuingia ndani, alisimama nje kwenye mvua mpaka ibada ikaisha. Mama yao, Hannah, aliingia, akaketi, akalia. Selwyn alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Asubuhi ile aliujaza chumvi mfuko wa koti la bwana harusi. Ambrose alipoingiza mkono kutoa pete, chumvi ikamwagika mbele ya madhabahu, na mabenchi ya nyuma yakapasuka kwa kicheko.

Ambrose aliilamba kidogo kidoleni.

"Ina unyevu, Selwyn," akasema. "Mnaiweka wapi kwenu?"

Edith anataka ijulikane kwamba hapo ndipo alipojua hakukosea. Anataka ijulikane pia kwamba baadaye alibadili mawazo mara nyingi.

Mwaka 1957, siku moja ya kawaida, wakila viazi, Ambrose alianza tena habari ya ghala. Edith akaweka uma chini na kumwambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. Alipokuwa na miaka minane alikuwa mezani kwao Josiah aliporudi kazini akamwambia Hannah, "Nimemwambia Eli asimwage karai mpaka oda iishe. Hakutaka. Nikamwambia wapo wengine wanaotaka karai lake." Hannah akauliza kama chumvi itafaa. Josiah akajibu, "Itafaa mpaka ifike mashuani."

Ambrose alisimama, akaketi, akasimama tena. Kumbe baba yake hakuiba, na wala hakuwa mpika mbovu. Aliamriwa, akatii, kwa sababu alikuwa na mke na mtoto. Halafu akaona ni heri kuitwa mwizi kuliko kukiri kwamba kwenye karai lake mwenyewe mtu mwingine alikuwa mfalme.

"Nitasema Jumapili," Ambrose akasema.

"Hutasema. Baba amekwisha kufa, lakini mama yangu yu hai."

"Edith, mamangu amekufa bila kununua chumvi kwa amani."

"Najua. Nimekuambia kwa sababu najua. Lakini ukilisema mama akiwa hai, nitasema sikusikia kitu."

Basi alinyamaza. Jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya Ambrose Hulse ni hilo, na hakuna aliyemwona akilifanya. Alichotaka hakikuwa kingi: Yarwood mmoja asimame katika kanisa hili na kusema kwamba Eli Hulse hakuiba chumvi. Alikingoja miaka hiyo yote, na wakati anangoja alitukanwa.

Oktoba 1968 maktaba ilimwalika atoe mhadhara juu ya neno lake. Walikuja watu wachache, wengine kwa sababu ya joto la hita. Selwyn alikuja na marafiki wawili, wakakaa nyuma na njugu zao.

Ambrose alieleza kwamba neno lilitoka kwa Warumi, ambao kwao lilimaanisha kuanza kuwa majimaji mpaka kuishia chini kabisa. Kwamba watu wa kemia waliliingiza katika Kiingereza katikati ya karne ya kumi na nane. Na kwamba ukoo wake ni mmoja na liquor, neno la Kiingereza la vileo vikali.

"Kumbe limetoka baa!" Selwyn akadakia. "Na wewe hunywi, Kamusi. Umelipataje?"

"Nimekutana nalo likitoka, Selwyn, wewe ukiingia."

Watu wakacheka, na Selwyn hakupenda. Akasimama.

"Tuache mzaha. Chumvi imekunywa hewa, sawa. Imekunywa kwa sababu karai halikumwagwa, sawa? Basi tuambie nani alimwambia babako asimwage. Au alisahau mwenyewe? Sema hapa mbele za watu. Mwizi au mjinga? Chagua moja twende nyumbani."

Ambrose alimtazama Edith, aliyekuwa mstari wa tatu akiwa na mama yake pembeni. Jibu lilikuwa tayari kinywani, la kummaliza Selwyn na baba yake kaburini. Akashika karatasi zake kwa mikono miwili.

"Neno hili," akasema, "lina maana ya pili kwa wataalamu wa mimea."

Akaendelea. Akaeleza kwamba msonobari una shina moja linalokwenda moja kwa moja mpaka kileleni, lakini mti kama mwaloni shina lake hugawanyika matawi, matawi yakagawanyika tena, mpaka hujui shina liliishia wapi; na shina la namna hiyo nalo wataalamu husema limeyeyuka kwa neno lile lile. Selwyn na wenzake walikwishaondoka, wakiacha maganda ya njugu. Rosalind, binti pekee wa marehemu, aliyezaliwa 1958, anakumbuka baba yake akitembea kurudi nyumbani siku ile bila neno hata moja, na ndiyo mara pekee anayoikumbuka.

Hannah Yarwood alifariki Februari 1974. Ambrose alingoja mpaka Mei. Kwenye chai ya sikukuu ya shule ya Jumapili, meza zikiwa zimejaa keki na mikate ya nyama, alisimama akagonga kikombe na kusema yote, kwa utulivu, kuanzia ghala mpaka viazi. Akamaliza: "Mke wangu alisikia kwa masikio yake."

Selwyn alikuwa na buli mkononi.

"Mama hajapoa kaburini," akasema, "na wewe unamtia mdomoni maneno, pamoja na baba! Edith! Ulisikia hayo? Mwambie huyu kichaa hukusikia!"

Macho yote yakamwendea Edith. Upande mmoja mume, upande mwingine ndugu mmoja aliyebaki. Edith hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisimama, akaanza kukusanya vikombe, hata vya watu ambao walikuwa hawajamaliza. Selwyn akamwaga chai ya buli lote kwenye sahani ya Ambrose, juu ya keki, akatoka.

Kwa hiyo mbele ya mji mzima Ambrose akawa mwongo, mwana wa mwizi. Nyumbani Edith alimpikia bila chumvi mpaka Krismasi, kwa kumtaja hadharani, na Ambrose alikula bila kulalamika, jambo lililomkasirisha zaidi. Tangu siku ile Ambrose na Selwyn hawakusalimiana, ingawa milango yao inatazamana. Selwyn alipanda ua wa miti ili asimwone. Ambrose akalima mboga juu ya paa la kibanda ili aonekane.

Hayo hayana maana kwamba marehemu alikuwa mnyonge. Alikuwa mtu wa visasi vidogo vidogo. Kwenye shukrani ya mavuno ya mwaka 1983, kila nyumba ilipoleta mazao mbele ya kanisa, yeye alileta uyoga mweupe mzuri, mrefu kama mishumaa, aliouchuma kwenye nyasi za hapo nje, akaupanga kwenye kitambaa kipya alichokishona mke wa Selwyn. Uyoga ule una tabia yake. Mahubiri yalikuwa marefu. Kufikia wimbo wa mwisho ulikuwa umeyeyuka wote ukawa wino mweusi, umepita kitambaa, umefika kwenye maboga.

"Umefanya makusudi!" Selwyn alipiga kelele, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kumwambia kwa miaka tisa.

"Hiyo ndiyo maana ya tatu ya neno langu," Ambrose akajibu.

Kitambaa hakikutakata. Edith alimlipa wifi yake kwa kumshonea kingine, na amemwomba Selwyn asipite mstari huu haraka haraka.

Yapo na mengine, lazima yasemwe, kwa sababu mtu hakai na mji miaka themanini akigombana tu. Rosalind anakumbuka akibebwa mabegani kwenda kutazama mialoni ya bondeni, akiambiwa aanzie chini afuate shina kwa kidole mpaka alipoteze. "Limekwenda wapi, baba?" aliuliza. "Halijaenda popote," Ambrose alimwambia. "Limekuwa matawi." Wagonjwa wa mtaa wa mtoni wanakumbuka mzee aliyekuja na supu kwenye chupa ya kutunza joto na kukaa mpaka inywewe yote, akizungumza habari za Warumi. Mwalimu Pargeter alipozeeka na kupoteza kumbukumbu, Ambrose alikwenda kila Alhamisi kumkumbusha siku ya sosa, naye kila Alhamisi alifurahi upya.

Mwaka 2009 moyo wa marehemu ulianza kudhoofu. Maji yalijaa miguuni, yakapanda. Daktari alimweleza kwamba mwili wake unashika maji usiyoyahitaji.

"Nalijua neno la hilo," Ambrose akasema.

"Mzee, mimi nina vidonge tu."

"Atameza," Edith akasema, "na neno atatuambia njiani."

Alimeza alipotaka. Mwezi Septemba mwaka huu alihamishiwa kitanda sebuleni, mbele ya dirisha, akiutazama ua wa Selwyn. Hakulia, wala hakusamehe. Wiki ya mwisho alimwambia Edith, "Nimelisoma neno lile pande zote. Kitu kinakunywa kilichokizunguka mpaka kinazama humo. Nilidhani nazungumza juu ya chumvi." Edith akamwuliza anataka nini. Akasema, "Kile kile." Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Novemba 2011, saa tisa alasiri, nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Jumanne iliyopita Edith alivuka barabara, akagonga mlango wa mdogo wake, mara ya kwanza tangu ule ua uote. Waliketi jikoni.

"Nataka usome wasifu wake," akasema.

"Mimi? Umechanganyikiwa? Mpe Rosalind."

"Rosalind ni Hulse. Wewe ni Yarwood."

Selwyn akaelewa. Akasukuma kikombe.

"Baba hakusema maneno yale, Edith."

"Ulikuwa na miaka minne, upo chini ya meza unatafuna mshumaa. Mimi nilikuwa nimeketi mezani. Alisema."

"Mwaka ule wa chai ulinyamaza!"

"Nilinyamaza kwa ajili yako. Nikamwacha mume wangu aitwe mwongo miaka thelathini na saba kwa sababu sikutaka kumpoteza mdogo wangu, na wewe ukapanda ua. Sasa nimezeeka, Selwyn, na nimesema. Baba alimwamuru Eli. Usome au usisome, mimi nitasimama mwenyewe niseme, na baada ya hapo utakula paja la nguruwe la matanga ukinitazama usoni."

Selwyn akakivuta tena kikombe, akanywa chai yote. Halafu akauliza kama Eli mwenyewe angependa jambo hili lisemwe, kwa maana alijificha nalo mpaka kufa. Edith akajibu kwamba asingependa hata kidogo. Lakini Eli alipumzika mapema, na aliyerushiwa chumvi mgongoni alikuwa mtoto.

"Nitasoma," Selwyn akasema mwishoni. "Lakini na langu liandikwe. Andika kwamba sikumpenda. Nisije nikasifiwa kwamba nimempenda kwa kuwa amekufa. Na andika kwamba baba yangu naye alikuwa na watu juu yake, na hao hawatajwi popote."

Limeandikwa. Selwyn Yarwood hakumpenda Ambrose Hulse, na hajifanyi leo. Josiah Yarwood naye alikuwa na watu juu yake.

Marehemu ameacha mjane, Edith. Binti, Rosalind, na mumewe Desmond. Wajukuu wawili, Tamsin na Giles. Kitukuu mmoja, Ada, mwenye miezi mitano. Na shemeji, Selwyn, anayesoma. Familia inawashukuru wauguzi wa mtaa na wote walioleta chakula. Baada ya mazishi nyote mnakaribishwa kwenye ukumbi wa shule ya Jumapili, nanyi mliovuka barabara pia.

Imebaki sentensi moja. Sauti ikikwama, Edith ataimalizia akiwa ameketi, na kila mtu anayo kwenye karatasi yake.

Eli Hulse wa Marbrook hakuiba chumvi. Alikuwa mpika hodari aliyeamriwa asimwage karai lake, na aliyemwamuru ni baba yangu, Josiah Yarwood.

Mungu ampe Ambrose utulivu ambao sisi hatukumpa.